Mhubiri kahubiri dakika 40 juu ya maneno ambayo Paulo hakuyaandika. Tuziongelee hizi Biblia za "lugha ya leo"

Mberoya (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na mhubiri mgeni. Andiko lake Wagalatia 6:6. Likapandishwa kwenye skrini kwa Kiingereza, naye akawa anatufasiria mwenyewe: anayefundishwa Neno hupokea kitu cha rohoni kutoka kwa mwalimu wake, na kati yao upako unahama. Hapo ndipo alipojenga nyumba yake yote. Upako unahama, upako unahama. Mwisho wa ibada watu wakapanga foleni wawekewe mikono.

Mimi nilikuwa na Union yangu mapajani, ile tafsiri ya Kiswahili tuliyoizoea makanisani. "Mwanafunzi na amshirikishe mkufunzi wake katika mema yote." Nikausoma mara ya pili, ya tatu, nikajua labda nimekosea sura. Sikukosea. Paulo anamwambia mwanafunzi amtunze mwalimu wake. Mtoaji ni mwanafunzi. Kwenye skrini mtoaji amekuwa mwalimu, na kinachotolewa ni upako, neno ambalo katika mstari ule halipo kwa Kigiriki, halipo kwa Kiswahili, halipo popote.

Nilipofika nyumbani nikatafuta ile ya kwenye skrini ni Biblia gani. Ni The Passion Translation ya Brian Simmons, toleo mojawapo la mwanzoni. Agano Jipya lake lilitoka 2017. Mwanzoni mwa 2022 tovuti ya Bible Gateway iliiondoa kwenye orodha yake. Mtaalamu wa Agano la Kale Andrew Shead aliichambua Zaburi yake mwaka 2018, akasema imeongezwa maneno kiasi kwamba imezidi ya asili kwa angalau nusu nzima. Hebu fikiria Zaburi ya mistari sita inayorudi na urefu wa mistari tisa.

Sasa sitaki tuanze vita vya tafsiri. Mtu kueleza Biblia kwa maneno yake sina neno naye, wahubiri wote wanafanya hivyo. Kinachonikera ni jalada. Yale yalikuwa maelezo ya mtu, lakini yaliingia kanisani yamevaa jalada la "Biblia", na sisi tukaitikia "amina" kama vile Paulo ndiye aliyesema. Tufanyeje na vitabu vya namna hii? Tuvikatae vyote? Maana The Message, ile ya Kiingereza cha leo ya Eugene Peterson, nayo iko kwenye simu za nusu ya vijana wetu.

UnionTu

Ndiyo maana mimi Union tu. Ufunuo 22:18-19, atakayeongeza ataongezewa mapigo, atakayepunguza atapunguziwa. Hizo nyingine ni mapambo ya shetani. Nimemaliza.

KaaLaMoto

@UnionTu hujamaliza mkuu, ndiyo kwanza unaanza. Union unayoibusu ni ya 1952. Mwaka 1937 ilikuwepo Biblia ya Roehl, ambaye alikwepa maneno mengi yenye asili ya Kiarabu akatafuta ya Kibantu. Waliookoka kwa ile waliokolewa na mapambo?

Halafu neno kwa neno nalo lina mitego yake. Fungua Amosi 4:6. Mungu anasema amewapa "usafi wa meno" katika miji yao yote. Nimeshuhudia kwa macho yangu kiongozi wa vijana akiutumia mstari huo kufundisha usafi wa mwili, eti Mungu anajali hata meno yetu! Mungu wa watu pale anawaambia amewapiga kwa njaa. Meno ni safi kwa sababu hakuna kilichotafunwa. Neno kila moja lilikuwa sahihi, na yule ndugu akatoka na maana iliyogeuka juu chini. Basi ungempa parafrasi, yaani Biblia iliyoelezwa upya kwa maneno ya mtu, inayosema tu "niliwaletea njaa" angekuwa karibu zaidi na Amosi kuliko alivyokuwa na Union yake.

MamaUpendo

Nimecheka mpaka mume wangu kaniuliza kuna nini humo 😂

Mimi nafundisha shule ya Jumapili mwaka wa kumi na kitu. 1 Petro 1:13, "vifungeni viuno vya nia zenu". Mtoto akaniuliza, mwalimu, nia ina kiuno? Nikamwambia aketi. Nilikuwa sina jibu.

Nisichosahau ni kwamba hizi parafrasi nyingine zilianza kwa ajili ya watoto. Kenneth Taylor alikuwa na watoto wengi, anawasomea Biblia jioni ile ya Kiingereza cha 1901, anawauliza maswali, wanamtolea macho. Akawa anawaandikia upya kwa maneno rahisi, kazi nyingi akiifanya ndani ya treni akienda kazini Chicago. Mwaka 1962 akachapisha nyaraka tu, nakala 2,000 kwa fedha yake. Mhubiri Billy Graham akazipenda akazigawa, na kufika 1971 ikawa The Living Bible nzima, iliyouzwa mamilioni kwa mamilioni. Mtu wa namna hiyo siwezi kumwita wakala wa shetani, jamani. Ni baba aliyetaka wanawe waelewe.

UnionTu

Mama yangu, nakuheshimu. Lakini ni huyo huyo Taylor aliyemwekea Sauli tusi la nguoni kwenye 1 Samweli 20:30. Tusi! Ndani ya Biblia! Watu walilalamika.

KaaLaMoto

Sauli alikuwa anatukana kweli pale, @UnionTu. Soma Kiebrania chake kinavyomgusa mama yake Yonathani. Sisi ndio tuliozoea kuusoma kwa sauti ya ibada.

Mfasiri_Mstaafu

Salaam kwenu. Nimefanya kazi ya kutafsiri Maandiko kwa miaka mingi, si kwa Kiswahili bali kwa lugha yenye wasemaji wachache. Naomba niweke mambo machache sawa kwa sababu naona vitu vitatu vinachanganywa kwenye chungu kimoja.

Iko tafsiri inayofuata maneno kwa karibu. Iko tafsiri inayofuata maana, ambayo Eugene Nida aliijengea misingi katika kitabu chake cha 1964. Biblia ya Habari Njema imo katika kundi hilo. Na iko parafrasi. Watu wengi huzitupa mbili za mwisho kapu moja, na hapo ndipo ugomvi unapokosa mwisho. Mfasiri wa maana bado ana deni kwa kila neno la matini ya asili. Nikiandika "njaa" mahali pa "usafi wa meno", mkaguzi ataniuliza meno yameenda wapi, nami lazima nijibu. Rasimu zetu zilikuwa zinafasiriwa kurudi nyuma na mtu ambaye hakuona asili, ili tuone kama tumeongeza chumvi. Zinasomewa wazee, wanawake sokoni, watoto. Zinakaguliwa na mtu wa Kiebrania au Kigiriki. Mstari mmoja uliwahi kutukalisha siku tatu.

Mwandishi wa parafrasi hana deni hilo. Mara nyingi ni mtu mmoja, na sikio lake ndilo mahakama ya mwisho. Taylor hakuanzia kwenye Kigiriki, alianzia kwenye Kiingereza. Eugene Peterson alizijua lugha za asili vizuri na alikuwa mchungaji wa miaka mingi huko Maryland. Agano Jipya la The Message lilitoka 1993, Biblia nzima 2002. Lakini naye alikuwa mmoja. Na ndiyo maana hao waliokuja kuirekebisha The Living Bible walikusanya wataalamu wapatao 90, wakarudi kwenye lugha za asili, na kilichotoka 1996 kikawa tafsiri, New Living Translation. Majina yanafanana, kazi ni tofauti kabisa. Msizichanganye.

Sasa nieleze kwa nini parafrasi hunipa hofu hata pale ambapo haijaongeza kitu cha uongo. 2 Wakorintho 5:14: "Maana, upendo wa Kristo watubidisha." Upendo upi? Ule Kristo anaotupenda sisi, au huu sisi tunaompenda yeye? Kigiriki kinaruhusu yote mawili. Na tazameni bahati tuliyonayo Waswahili: hako ka-"wa" ketu kadogo nako kanaruhusu yote mawili! Msomaji wa Union anasimama mlangoni pale pale aliposimama Mkorintho. Parafrasi haiwezi kusimama mlangoni. Kazi yake ni kuingia chumba kimoja na kufunga kingine, na wewe unayesoma hutajua kama chumba cha pili kiliwahi kuwepo. Hakuna aliyekudanganya. Umenyimwa tu nafasi ya kuuliza.

Mberoya

Mzee wangu, hapo kwenye mlango nimesimama kwanza ninywe maji. Basi ngoja niulize: Union yenyewe haijafunga vyumba?

Mfasiri_Mstaafu

Imefunga, tena vingi. Warumi 8:13: "kama mkiishi kwa kufuata mambo ya mwili, mwataka kufa, bali kama mkiyafisha matendo ya mwili kwa Roho, mtaishi." Mwili wa kwanza na mwili wa pili ni maneno mawili tofauti katika Kigiriki. La kwanza ni sarx, ambalo kwa Paulo mara nyingi ni ubinadamu uliompa Mungu kisogo. La pili ni soma, mwili huu wenye mikono na miguu. Kiswahili kimeyapa sauti moja, na nimekutana na Wakristo wanaoamini kwa dhati kuwa Paulo aliuchukia mwili huu wa nyama.

Na Yohana 1:14, "akakaa kwetu". Kigiriki kinasema alipiga hema. Myahudi akisikia hema anakumbuka jangwani, ile hema ya kukutania na wingu juu yake. Peterson alisema Neno lilihamia mtaani kwetu, watu wakacheka. Lakini Union nayo imepoteza hema, ila kwa ustaarabu.

NuruYaAsubuhi

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba nami niseme, maana huo "mtaani kwetu" ndio ulionileta hapa.

Nilikulia kanisani. Mistari naijua kwa kichwa tangu nikiwa darasa la tatu, na labda ndiyo iliyokuwa shida: ilikuwa imelainika kama jiwe la mtoni, inapita tu. Nikiwa na miaka 19 nilikuwa nimeacha kabisa. Rafiki yangu chuoni akanipa The Message, nikafungua Wagalatia, na kwa mara ya kwanza nikasikia Paulo amekasirika. Amekasirika kweli! Nilikuwa nadhani nyaraka zote zimeandikwa na mtu mmoja mpole aliyevaa shuka. Nilisoma sura zote sita nikiwa nimesimama. Yohana nilisoma usiku huo huo, na nilipofika kwenye kuhamia mtaani nililia.

Leo nasoma tafsiri za kawaida, nimeanza hata kujifunza herufi za Kigiriki. Lakini mlango wangu ulikuwa ule. Kaka @UnionTu akisema ni mapambo ya shetani, basi shetani alikosea hesabu.

UnionTu

Dada yangu, amina kwa ushuhuda. Mungu alitumia hata punda wa Balaamu.

KaaLaMoto

Hahaha huyu mzee hakubali kushindwa.

Chumvi77

Nimesoma kimya toka mwanzo. Ushuhuda wa dada ni mzuri na sina sababu ya kuupinga, ila tusije tukafanya "ilinigusa" iwe kipimo. Yule mhubiri wa Mberoya naye aliwagusa watu, wakapanga foleni.

Mimi naogopa yanayopotea kimya kimya kuliko yanayoongezwa kwa kelele. Nyongeza ya upako mtu akiwa na Biblia nyingine anaikamata, kama alivyofanya mleta uzi. Lakini Peterson katika 1 Wakorintho 6:9-10 aliizungusha ile orodha ya Paulo ya dhambi za zinaa mpaka ikawa maneno ya jumla ya kutumiana vibaya na kutumia ngono vibaya. Kijana anayesoma hiyo peke yake hatajua Paulo alitaja nini. Hata katika tafsiri, si parafrasi, Agano Jipya la Kiingereza rahisi la 1966 liliandika "kifo" mahali kadhaa ambapo Kigiriki kinasema "damu", na makanisa yakawaka. Wafasiri walikuwa na hoja, damu ya Kristo pale ni kifo chake. Sawa. Lakini ukiondoa damu umekata uzi unaotoka Pasaka ya Kutoka 12, unapita madhabahuni Walawi 17:11, ndipo ufike msalabani. Maana ya mstari imebaki, uzi umekatika. Na msomaji hasikii chochote kikikatika.

Halafu hili la kuchagua. Zamani mhubiri aliligeuza neno kwa mdomo wake, ukaona kabisa kuwa ni yeye. Siku hizi anafungua simu, anapitia matoleo ishirini mpaka apate moja linalosema alichotaka kusema toka juzi. Parafrasi ndiyo rafiki mkubwa wa tabia hiyo kwa sababu ndiyo yenye maneno mengi.

MamaUpendo

Hilo la mwisho, Chumvi, mimi nimelifanya. Nakiri mbele ya kusanyiko.

MkufunziWaZamu

Wapendwa, mnabishana kitu cha zamani kweli kweli.

Askofu Augustino alimwandikia Jerome, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, kumweleza kisa cha mji wa Oea, ndio Tripoli ya sasa. Askofu alisoma kitabu cha Yona katika tafsiri mpya ya Jerome. Ule mmea uliomfunika Yona kichwa, watu tangu utoto walizoea kuusikia ukiitwa mmung'unye. Jerome akaweka mmea mwingine, ule unaotambaa ukutani. Zikazuka ghasia kanisani, tafsiri ikaitwa ya uongo, nusura askofu abaki bila waumini. Kwa mmea! @UnionTu una ndugu zako wa karne ya tano.

Na wa kabla ya hao ni Wayahudi. Waliporudi kutoka uhamishoni, kadiri vizazi vilivyopita wengi walikuwa wanaongea Kiaramu, Kiebrania kimewapiga chenga. Nehemia 8:8: walisoma katika kitabu, kisha "wakaeleza maana yake". Baadaye sinagogi likawa na mtu maalumu wa kazi hiyo. Msomaji anasoma gombo, mfasiri amesimama kando anatoa kwa Kiaramu, na mara nyingi alikuwa anapanua, anafafanua, anafanya hasa kile tunachoita parafrasi. Lakini tazameni masharti waliyoweka. Mfasiri atoe kwa kichwa, asisome kwenye maandishi. Na msomaji wa gombo asimsaidie mfasiri. Sababu imeandikwa katika Talmudi, mkusanyo wao wa mafundisho ya marabi: watu wasije wakadhani kwamba hayo ya mfasiri yameandikwa katika Torati.

Yaani hawakupiga marufuku parafrasi. Waliisimamisha pembeni, kwa mdomo wa mtu mwingine, gombo likiwa linaonekana. Rabi Yuda wao alisema anayefasiri mstari neno kwa neno ni mwongo, na anayeuongezea ni mkufuru. Mtu akiniuliza basi afanyeje, namwambia ndio maana kazi ile ina thawabu.

Mberoya

@MkufunziWaZamu umenivua nguo, mzee. Nilikuwa nahangaika nisijue ninachokasirikia ni nini, kumbe ni kwamba siku ile hapakuwa na gombo. Mfasiri alipanda peke yake akakaa kwenye kiti cha msomaji.

Na nimekwenda kuchungulia. Taylor mwenyewe kwenye dibaji yake alionya kwamba mwandishi wa parafrasi, hata awe mwaminifu namna gani, anaweza kumpa msomaji kitu ambacho mwandishi wa asili hakukusudia. Peterson naye aliwahi kusema kwamba akisikia The Message ikisomwa kama andiko la ibada hujisikia vibaya kidogo, na hangependekeza watu waitangaze hivyo. Wenye vitabu walijua mahali pao ni pembeni. Sisi tuliovinunua ndio tuliowapandisha madhabahuni. Simmons ndiye simkuti kwenye mstari huo, kwa sababu yeye kazi yake aliiita tafsiri toka kwenye jalada.

NuruYaAsubuhi

Naafiki hilo. The Message yangu ingeitwa "Peterson anatusimulia Biblia", ningelia vilevile.

Mfasiri_Mstaafu

Nami naafiki, ila nawaachia mwiba mmoja. Yohana 3:16 kwa Union inaanza "Kwa maana jinsi hii Mungu aliupenda ulimwengu". Jinsi hii, yaani namna hii, kwa njia hii: akamtoa. Ndivyo Kigiriki kinavyosema. Waulizeni watu kanisani mstari unasema nini, wengi watakwambia Mungu aliupenda ulimwengu sana, sana mno. Parafrasi ya mstari huo hamkuinunua popote. Mnayo kichwani, na Union mnayo mkononi.

UnionTu

Nimefungua kuhakikisha. Inasema "jinsi hii". Miaka yote hiyo.

Nimekaa kwanza.

Chumvi77

Mleta uzi, turudi kwako. Ulimweleza mtu yeyote kuhusu lile la Wagalatia au umeishia kutuletea sisi?

Mberoya

Nilikwenda kwa mchungaji, faragha, na Biblia mbili. Hakukasirika. Aliusoma, akanyamaza, akasema hata yeye aliitikia amina. Tumekubaliana andiko la ibada lisomwe kwanza kutoka tafsiri ya kanisa, na mgeni akitaka kuleta parafrasi aitaje kwa jina la mwandishi wake. Kwa yule mhubiri amesema ataandika yeye.

Kilichonisumbua zaidi ni kijana mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya upako. Alisikia nimeulizia mstari ule, akaniita pembeni. Nikampa Union asome mwenyewe. Akasoma, akanirudishia, akasema: "Kwa hiyo siku ile mimi ndiye niliyetakiwa kwenda na kitu kwa mwalimu."

Nikamwambia ndiyo, hivyo ndivyo Paulo anavyosema. Akaniuliza kama mwalimu wetu wa darasa la ubatizo huwa analipwa. Sikuwa najua. Tumekwenda kuuliza, halipwi.